Jock Stein: Usiniambie Lisbon Ilikuwa Muujiza

Usiku wa Novemba 7, 2012 nilikuwa kwenye kibanda cha mpira hapa Mombasa, nimebanana na wenzangu kwenye benchi la mbao, tukisubiri Celtic na Barcelona. Mchezo ulianza saa tano kasorobo. Hata wale mashabiki wa Barcelona wa kufa na kuzikana walikuwa na jicho moja kwa Victor Wanyama. Dakika ya 21 ikapigwa kona, mpira ukavuka msitu wote wa watu, na kijana wetu wa Muthurwa akaruka juu ya Jordi Alba akautia kichwa. Kibanda kizima kikasimama. Soda zilimwagika na hakuna aliyejali.

Alipogeuka kushangilia tukauona mgongo wake. Namba 67. Jamaa aliyekaa pembeni yangu akauliza, "Sasa kiungo mzima anavaa sitini na saba, ndiyo namba gani hiyo?" Mwingine akajibu kwamba labda namba ndogo zilikuwa zimekwisha. Mimi nikarudi nyumbani na swali lile, na sikulala mpaka nikapata jibu.

Ni mwaka. Mwaka 1967 Celtic walichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Lisbon kwa kuwafunga Inter Milan. Na Inter ndiyo klabu aliyokwenda kaka yake Wanyama, McDonald Mariga, mwaka 2010. Ndugu wa nyumba moja Nairobi, mmoja kavaa jezi ya waliofungwa, mwingine kabeba mgongoni mwaka wa waliofunga. Tangu usiku ule sijaachana na mtu aliyeifundisha timu ya 1967, Jock Stein.

Kuna kitu kimoja kinanikera katika namna anavyosimuliwa. Utasikia: vijana kumi na mmoja, wote wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa Celtic, wakawapiga mabingwa wakubwa wa Italia, basi ule ulikuwa muujiza. Naelewa kwa nini watu wanapenda kusema hivyo, ni hadithi tamu. Lakini muujiza hauna fundi. Lisbon ilikuwa na fundi wake, na ufundi wenyewe alianza kuusomea chini ya ardhi.

Stein alizaliwa Oktoba 5, 1922 Burnbank, karibu na mji wa Hamilton katika jimbo la Lanarkshire, Uskoti. Ule ulikuwa ukanda wa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Kijana akamaliza shule, akafanya kazi muda mfupi kwenye kiwanda cha mazulia, kisha akashuka mgodini kama wenzake wa mtaa. Alikaa huko mpaka alipofika miaka 27. Matt Busby wa Manchester United alitoka Orbiston, kijiji cha wachimbaji kisicho mbali na hapo. Bill Shankly wa Liverpool alitoka Glenbuck, kijiji kingine cha wachimbaji. Makocha watatu waliobadilisha mpira wa Uingereza na Uskoti, wote wametokea kwenye vumbi lilelile jeusi.

Ukitaka kumwelewa Stein lazima ukae kidogo na kazi ile. Unashuka alfajiri, unafanya kazi umeinama au umelala ubavu, mwanga wako ni wa taa tu. Mtu aliye karibu nawe akizembea kuweka nguzo, dari linawashukia nyote wawili. Humchagui kwa dini yake wala kwa timu anayoshabikia. Stein mwenyewe alizoea kusema kwamba popote alipokwenda baadaye hakupata kufanya kazi na watu bora kuliko wale wa chini. Namsadiki, kwa sababu alichokuja kukifanya Celtic kinafanana sana na hicho: kila mtu anajua kazi ya mwenzake, na hakuna anayemwacha mwenzake gizani.

Kama mchezaji hakuwa nyota. Alikuwa beki wa kati wa Albion Rovers, timu ndogo ya Coatbridge. Siku za wiki mgodini, Jumamosi uwanjani. Mechi yake ya kwanza, Novemba 1942, ilikuwa dhidi ya Celtic na iliisha sare ya 4-4. Mwaka 1950 akaenda Llanelli, Wales, klabu iliyokuwa nje kabisa ya ligi kuu za huko, na kwa mara ya kwanza maishani mpira ukawa kazi yake ya kutwa. Haukumwendea vizuri. Nyumba yake ya Hamilton ilivunjwa na wezi mara mbili, mkewe Jean akataka warudi kwao, na yeye akawa tayari kuacha mpira na kushuka tena mgodini.

Hapo ndipo Celtic walipopiga simu. Jimmy Gribben, mzee wa benchi la ufundi pale klabuni, alikuwa anamkumbuka tangu enzi za Albion Rovers. Desemba 1951 wakamnunua kwa pauni 1,200. Hawakumtaka kwa ajili ya kikosi cha kwanza. Walitaka mtu mzima wa kucheza na chipukizi wa timu ya akiba na kuwaongoza. Alikuwa na miaka 29, umri ambao beki wengi wa wakati ule walishaanza kuhesabu siku.

Kisha mabeki wa kati wa kikosi cha kwanza wakaumia mmoja baada ya mwingine, na mzee wa akiba akaingizwa. Hakutoka tena. Nahodha Sean Fallon akamteua kuwa msaidizi wake. Desemba 1952 Fallon akavunjika mkono, kitambaa kikahamia kwa Stein. Mwaka uliofuata Celtic wakachukua Kombe la Kutawazwa kwa Malkia, mashindano yaliyoshirikisha Arsenal na Manchester United, na fainali wakaifunga Hibernian 2-0. Mwaka 1954 wakabeba ligi na Kombe la Uskoti kwa pamoja, jambo ambalo klabu haikulifanya tangu 1914.

Kwa msomaji asiyeijua Glasgow lazima niseme jambo hapa. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, mtawa Mkatoliki, ili kupata fedha za kuwalisha maskini wa mashariki ya mji, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Watani wao wa jadi, Rangers, walikuwa timu ya Waprotestanti, na utani wenyewe ulikuwa na sumu. Stein alikuwa Mprotestanti. Baba yake alikuwa shabiki wa Rangers. Alipovaa jezi ya kijani na nyeupe alipoteza marafiki wa utotoni ambao hawakumrudia. Alilibeba bila kupiga kelele. Baadaye akiwa kocha alipenda kueleza kwamba akikuta vijana wawili wenye kipaji sawa, Mkatoliki na Mprotestanti, atamsajili kwanza Mprotestanti, kwa sababu anajua Rangers hawatamgusa yule Mkatoliki. Hesabu safi kabisa ya mtu aliyekuwa akiutumia ubaguzi wa wengine kujenga timu isiyo na ubaguzi.

Kifundo cha mguu kiliumia, hakikupona sawasawa, na Januari 1957 akastaafu. Klabu ikampa vijana wa akiba awafundishe. Mwaka 1954 wakubwa wa Celtic waliwapeleka wachezaji Uswisi kutazama Kombe la Dunia, na Stein aliona kwa macho yake Uskoti ikichapwa 7-0 na Uruguay, akawaona na Wahungari wakipasiana mpira kwa namna ambayo nyumbani kwao haikuwa imefikirika. Sasa akapata watu wa kuwafundisha yale. Kati yao walikuwamo Billy McNeill na John Clark. Walitoka Lanarkshire kama yeye, na baada ya mazoezi walipanda naye basi kurudi makwao. Safari nzima ilikuwa darasa. Mabeki wawili wa kati wa Lisbon walianza kufinyangwa kwenye viti vya basi la abiria.

Machi 1960 Dunfermline, klabu nyingine ya Uskoti, wakamwita awe kocha wao. Timu ilikuwa inachungulia shimo la kushuka daraja. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Celtic, na vijana wake wakafunga ndani ya sekunde chache tu, wakashinda 3-2. Walishinda mechi sita mfululizo wakabaki. Mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Uskoti na, katika marudiano, wakaifunga Celtic 2-0. Kisha Hibernian, ambako hakukaa hata mwaka mzima lakini alipata nafasi ya kuwafunga Real Madrid 2-0 katika mechi ya kirafiki. Machi 1965 Celtic wakamrudisha, kocha wa nne tu katika historia yao na wa kwanza asiye Mkatoliki.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Wanaosema muujiza wasome orodha ya wachezaji. Stein alipoingia, Celtic walikuwa hawajachukua kombe kubwa tangu 1957. Na karibu wote waliocheza Lisbon walikuwa wameshafika. McNeill alikuwapo na alikuwa anafikiria kuondoka. Murdoch alikuwapo, Johnstone, Gemmell, Clark, Chalmers, Lennox, wote. Bertie Auld alikuwa amerejea kutoka Birmingham miezi miwili nyuma. Kipa Ronnie Simpson alikuwapo pia, na hapa kuna kisa: Stein mwenyewe ndiye aliyemwachia Simpson akiwa Hibernian, kama mzee aliyekwisha. Wakakutana tena Celtic. Katika wale kumi na mmoja wa Lisbon, ni Willie Wallace peke yake aliyenunuliwa kwa fedha nzito katika zama za Stein, pauni 30,000 kutoka Hearts, Desemba 1966.

Vijana walewale, maili 30 zilezile. Miaka minane bila kombe, kisha miaka miwili wakawa mabingwa wa Ulaya. Kilichobadilika ni mwalimu.

Alifanya nini? Kwanza alivaa suti ya mazoezi akashuka uwanjani, wakati makocha wengi walikuwa watu wa koti na tai wanaoonekana siku ya mechi. Aliweka mpira kwenye mazoezi yaliyokuwa ya kuzunguka uwanja tu. Alianza kupanga timu yeye mwenyewe, kazi ambayo mwenyekiti Bob Kelly alikuwa na mkono ndani yake. Alimtoa Bobby Murdoch mbele akamrudisha kiungo, na Murdoch akawa injini. Alimtoa Auld kwenye winga akamweka pembeni ya Murdoch. Alimruhusu Tommy Gemmell, beki wa kushoto, apande mpaka alikochoka. Aprili 1965, wiki chache tu baada ya kufika, McNeill akapiga kichwa dakika za mwisho na Celtic wakachukua Kombe la Uskoti kwa kuifunga Dunfermline 3-2. Katika orodha ya Dunfermline siku ile hakuwemo mshambuliaji mmoja aliyetarajia kucheza na akaachwa saa za mwisho. Aliitwa Alex Ferguson. Mshike jina hilo.

Mwaka 1966 wakachukua ligi. Msimu uliofuata wakachukua kila kitu walichoingia: ligi, Kombe la Uskoti, Kombe la Ligi, Kombe la Glasgow, na Ulaya.

Kabla ya fainali, Helenio Herrera, kocha wa Inter, alikuja Glasgow kuwatazama Celtic wakicheza na Rangers. Alimwahidi Stein kwamba atampa nafasi kwenye ndege yake ili naye akawaone Inter. Stein alikuwa amewahi kwenda Italia kumsoma Herrera, anamjua. Akashukuru, na kimyakimya akabaki na tiketi yake mwenyewe mfukoni. Ahadi ya ndege ikayeyuka kama alivyotazamia. Stein akasafiri kwa tiketi yake, akawaona Inter, akarudi na alichokitaka. Mtu anayengoja muujiza hakati tiketi ya akiba.

Mei 25, 1967, Estádio Nacional. Kwenye njia ya kutokea uwanjani wamesimama Waitaliano, ngozi zimepata jua, nywele zinang'aa mafuta, mabingwa wa Ulaya wa 1964 na 1965. Pembeni yao wachezaji wa Celtic, kadhaa kati yao wakiwa vibogoyo. Auld akaanzisha wimbo wa klabu, wote wakaitikia. Na meno? Wale wenye meno ya bandia waliyavua wakayaweka ndani ya kofia ya kipa Simpson, na kofia ikakaa golini muda wote wa mchezo, ili kipenga cha mwisho kikilia wayakimbilie wayavae kwa ajili ya picha na kombe. Kila ninapoitazama ile timu naiona kofia ile. Mtu anayepanga atakavyoonekana kwenye picha ya ubingwa hakuja kubahatisha.

Dakika ya 7 Mazzola akafunga kwa penalti. Inter wakafunga mlango, kama walivyozoea. Celtic wakaja wimbi baada ya wimbi. Mwamba uligongwa mara mbili, na kipa Sarti aliokoa mipira ambayo mpaka leo nikiitazama nasonya. Dakika ya 63 Jim Craig, beki wa kulia, akarudisha pasi nje ya boksi, na aliyeikuta ni beki wa kushoto, Gemmell. Tafakari hilo: beki wa pembeni anampasia beki wa pembeni mwenzake kwenye mlango wa Inter. Gemmell akaachia mkwaju. Dakika chache kabla ya mwisho Murdoch akapiga, Chalmers akauelekeza mguu, 2-1. Ilikuwa mara ya kwanza kombe lile kwenda nje ya Hispania, Ureno na Italia. Mashabiki walijaa uwanjani, ikabidi McNeill apande peke yake kulipokea.

Shabiki mmoja wa kweli anaweza kunijibu kwamba mbinu ni mbinu, lakini Stein alikuwa anawajuaje watu? Jibu langu ni Jimmy Johnstone. Winga huyu mdogo wa kimo alikuwa anaogopa ndege hofu ya kutetemeka. Novemba 1968 Celtic waliikaribisha Red Star ya Belgrade na mapumziko yalikuta 1-1. Stein akamfuata Johnstone akamwambia: tukishinda kwa tofauti ya mabao manne, hupandi ndege kwenda Belgrade. Kipindi cha pili Johnstone aliwageuza Wayugoslavia wale kama chapati. Alifunga mawili, akatengeneza mengine, mchezo ukaisha 5-1, naye anakimbia uwanjani akipaza sauti kwamba haendi. Kocha mwingine angemkemea kwa woga. Stein aliuchukua ule woga akaufanya mafuta ya taa.

Alikosea pia, na sitaki kumficha. Mwaka 1970 Celtic waliwatoa Leeds katika nusu fainali, mechi ya marudiano ikitazamwa na watu 136,505 kwenye uwanja wa Hampden, Glasgow, kisha wakaenda Milan kucheza na Feyenoord ya Uholanzi kama watu waliokwisha kula karamu. Walijaza washambuliaji wakaacha viungo wawili tu kupambana na watatu. Wakafungwa 2-1 katika muda wa nyongeza. Lawama ile ni ya Stein. Aliwadharau.

Ligi alichukua mara tisa mfululizo, 1966 hadi 1974. Mwaka 1975 gari lake liligongana na jingine karibu na Lockerbie, akanusurika kifo, na Fallon, sasa kocha msaidizi wake, akaishika timu msimu mzima. Akarudi, akachukua ligi ya kumi na Kombe la Uskoti mwaka 1977. Kiangazi kile Kenny Dalglish, aliyemlea tangu timu ya akiba, akauzwa Liverpool kwa pauni 440,000. Msimu mmoja mbaya ukafuata, na mwaka 1978 klabu ikamweka McNeill mahali pake. Yeye wakampa kiti cha ukurugenzi cha kusimamia michezo ya kuchangisha fedha za klabu. Makombe makubwa 25, halafu ukauze tiketi za bahati nasibu. Hapa huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa muda. Alikataa, akaenda Leeds kwa siku 44, kisha akachukua timu ya taifa ya Uskoti.

Na Ferguson? Aprili 1969, katika fainali ya Kombe la Uskoti, alikuwa mshambuliaji wa Rangers na kazi yake kwenye kona ilikuwa kumchunga McNeill. Dakika ya 2 McNeill akafunga kwa kichwa. Celtic walishinda 4-0, na maisha ya Ferguson pale Rangers yakawa yamekwisha. Miaka kumi na mitano baadaye, Ferguson akiwa kocha wa Aberdeen, Stein akamwita awe msaidizi wake timu ya taifa. Ferguson amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akimhoji mzee usiku kucha, na jinsi Stein wakati wa mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985 hakupita penye ndoo ya michango bila kutia kitu.

Septemba 10, 1985, Ninian Park, Cardiff. Uskoti walihitaji sare na Wales ili wapate nafasi ya kucheza mechi za mchujo kwenda Kombe la Dunia. Mark Hughes akafunga mapema. Mapumziko ikagundulika kwamba kipa Jim Leighton amepoteza lenzi ya jicho, haoni vizuri, akaingia Alan Rough. Dakika ya 81 penalti. Davie Cooper akapiga, mpira ukapita chini ya mwili wa Neville Southall. 1-1. Dakika za mwisho Stein alimsukuma mpigapicha aliyemzibia mbele ya benchi, kisha akaanguka. Wakambeba mpaka chumba cha matibabu. Nje ya mlango alikuwapo Graeme Souness, aliyekuwa amefungiwa mechi ile, analia. Ndani ya vyumba wachezaji walikuwa wameambiwa wasishangilie, hawajui kwa nini. Mzee wa Burnbank akafariki palepale uwanjani, akiwa na miaka 62.

Timu ikachukuliwa na Ferguson. Novemba wakacheza na Australia Hampden, wakashinda 2-0, na ushindi ule, pamoja na sare ya 0-0 katika marudiano kule Melbourne, ukawapeleka Mexico. Goli la kwanza alilifunga Davie Cooper.